Shahada ya Mazingira: Masharti Yake na Maneno Yake

Makala haya yanahusu jambo moja katika historia ya istilahi za elimu ya juu, nalo ni namna masharti ya kupata shahada ya kwanza ya taaluma ya mazingira yalivyopata sura nchini Tanzania, na namna maneno ya Kiswahili yanayoyataja masharti hayo yalivyopata maana. Mambo haya mawili aghalabu hutazamwa mbalimbali. Wanaoshughulika na mitaala huhesabu masomo na saa, na wanaoshughulika na istilahi huhesabu maneno. Lakini kijana anayesoma mazingira kwa Kiingereza miaka mitatu, kisha akapelekwa kijijini kueleza kwa Kiswahili kwa nini bwawa lijengwe au lisijengwe, huyakuta yote mawili pamoja, tena katika juma lake la kwanza kazini.

Yafaa tuanze na maneno ya chuo chenyewe, kwa kuwa hayakuzaliwa Mlimani. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea, na mahali penyewe palikuwa pa kusomea Kurani. Mwanachuoni hakuwa kijana aliyeandikishwa bali mtu aliyekwisha kubobea. "Kuhitimu" kulikuwa kuifikisha Kurani mwisho mbele ya mwalimu. "Darasa", "mtihani" na "muhula" ni maneno ya asili ya Kiarabu yaliyozoeleka kwetu zamani, na "mahafali", ambayo leo ni siku ya majoho na kofia, kwa asili yake ni mikusanyiko ya watu tu. Kwa hiyo elimu ya juu ya kizungu ilipofika, ilivikwa nguo iliyokwisha shonwa. Wapo wanaoona aibu katika jambo hili, kana kwamba ni uvivu wa kubuni. Kwa maoni yetu ilikuwa busara, maana msikilizaji wa kawaida hakuhitaji kufunzwa neno jipya ili aelewe kwamba mtoto wa jirani amehitimu.

Neno lililo zito kuliko yote hayo ni "shahada". Maana yake ya kwanza ni ushahidi, na kila Mwislamu analijua kama jina la tamko la imani. Katika masomo ya dini ya zamani mwanafunzi hakupewa cheti na taasisi. Alipewa ijaza na mwalimu wake, kwa jina lake, kwamba kitabu fulani amekisoma kwake na kwamba anaweza kukifundisha. Aliyeshuhudia alikuwa mtu mmoja anayejulikana. Tulipoliteua neno "shahada" kuwa jina la tuzo ya chuo kikuu, tulichukua pamoja nalo swali ambalo Kiingereza hakina haja ya kuliuliza, maana neno lake kwa asili ni la daraja au ngazi. Mwenye ngazi huulizwa amefika wapi. Mwenye shahada huulizwa nani ameshuhudia, na ameshuhudia nini. Historia ya masharti ya shahada ya mazingira yaweza kusomwa kuwa ni historia ya kubadilika kwa shahidi huyo.

Taaluma yenyewe ni changa. Chuo cha Middlebury, huko Marekani, kilianzisha programu ya shahada ya kwanza ya mazingira mwaka 1965, na Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kilifungua skuli yake ya sayansi za mazingira mwaka 1967. Tarehe 28 Januari 1969 kisima cha mafuta kilipasuka baharini karibu na mji wa Santa Barbara, California, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha mji huo kikaanzisha programu yake. Tangu mwanzo sharti lake lilikuwa la kuchanganya: mwanafunzi asome elimu ya viumbe na kemia, lakini asome pia sheria, uchumi na historia, kwa sababu mafuta yaliyomwagika hayakuheshimu mipaka ya idara. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm, Juni 1972, uliyapa mambo haya hadhi ya kimataifa, na shirika lililotokana nao, yaani UNEP, likawekwa Nairobi. Mkutano wa Tbilisi wa Oktoba 1977 ulisisitiza kwamba elimu ya mazingira iwafikie watu wote, ndani ya shule na nje yake.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotoa neno lake kwa ulimwengu. Mwaka 1977 jarida moja la Kiingereza la mambo haya lilianza kutolewa kwa jina la "Mazingira". Si neno lililobuniwa na kamati. Latokana na kitenzi "zinga", na hasa "zingira", chenye maana ya kuzunguka pande zote, kama jeshi linavyouzingira mji. Ni la ngeli ya wingi na halina umoja unaotumika, hata hatuwezi kusema kitu kimoja ni "zingira". Tena linahitaji mtu au kitu cha katikati: mazingira ni ya fulani, ya mtoto, ya shule, ya kijiji. Wataalamu wa ikolojia hawapendezwi sana na jambo hili, maana kwao binadamu si kitovu bali ni kiumbe mmoja miongoni mwa viumbe. Hoja yao ina nguvu. Hata hivyo mzungumzaji wa Kiswahili asikiapo "mazingira yameharibika" huuliza mara moja "ya nani?", na swali hilo si baya kwa mtu anayetaka kusimamia sheria.

Sasa turudi Dar es Salaam. Chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahidi wa mwanafunzi alikuwa London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 ilikuwa imekwisha anzishwa ofisi ya utafiti wa raslimali na mipango ya matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi cha BRALUP, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Raslimali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi wa sanaa na sayansi za jamii waliwekewa somo la pamoja juu ya jamii ya Afrika Mashariki na mazingira yake, wakifundishwa na walimu wa fani mbalimbali. Hivyo mazingira yalikuwa sharti la shahada kabla ya kuwa jina la shahada. Jambo hili husahauliwa na wanaodhani kwamba taaluma hii iliingia nchini pamoja na fedha za wafadhili wa miaka ya 1990.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa azimio lililobadilisha masharti ya kuingia chuo kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza kulitumikia taifa na kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha alete mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Azimio lilikuwa na matatizo yake. Lilipunguza sana idadi ya wasichana, wakaondolewa sharti hilo mapema, na baadaye likalegezwa kwa wote. Lakini kwa anayelitazama neno "shahada", kipindi kile kina jambo la pekee: walioitwa kutoa ushahidi hawakuwa walimu peke yao, bali pia watu waliofanya kazi na kijana huyo kiwandani, shambani au ofisini. Ushahidi huo haukutolewa London, wala kwa kiasi kikubwa haukutolewa kwa Kiingereza.

Wakati huohuo nje ya chuo kulikuwa na darasa jingine, kubwa kuliko chuo kikuu chochote. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni za redio na vikundi vya kujifunza kwa Kiswahili. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 kusikiliza, kusoma na kujadili malaria, kichocho, safura na kuhara damu. Mafunzo hayo yalikuwa juu ya maji, vyoo, madimbwi na nyasi zilizozunguka nyumba, yaani mazingira, ijapokuwa jina la kampeni lilikuwa afya. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", na mwaka 1980 "Misitu ni Mali". Tuyatazame majina hayo kwa jicho la istilahi. Kila moja ni sentensi kamili ya maneno matatu, haina neno geni hata moja, na yaweza kubishiwa. Mkulima aweza kusimama na kusema kwamba kwake msitu si mali bali ni maficho ya nguruwe wanaomlia mihogo. Kauli inayobishika ndiyo inayofundishika, na hapo waandishi wa kampeni zile walitushinda sisi wa kamati.

Miradi ya hifadhi nayo ilikwenda njia hiyo. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Eneo lililoharibika vibaya zaidi lilikuwa Kondoa, kilometa za mraba zipatazo 1,256, ambako makorongo yalikuwa yameila ardhi ya vilima mpaka mchanga ukafunika mabonde. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo hilo. Tunaweza kujadili kama amri ile ilikuwa ya haki kwa wafugaji, na wengi wamejadili. Uoto ulirudi, lakini walioondoka na ng'ombe wao hawakulipwa kwa uoto huo. Linalotuhusu hapa ni kwamba amri nzito kiasi hicho ilielezwa kwa maneno yaliyokuwapo tayari. "Mmomonyoko" latokana na kumomonyoka, yaani kubomoka kidogo kidogo kama ukuta wa udongo uliolowa. Aliyeona ukuta wa nyumba yake ukimomonyoka hakuhitaji faharasa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Shinyanga, HASHI, na huko wataalamu walifanya jambo la busara zaidi: badala ya kuleta neno walichukua la wenyeji. "Ngitili" ni neno la Kisukuma la eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yatumike kiangazi. Neno hilo likapanda kutoka mbugani hadi katika ripoti za serikali, na chini ya jina hilo zikarudishiwa uoto zaidi ya hekta 300,000.

Mtu angetazamia kwamba shahada ya mazingira ingejengwa juu ya hazina hii. Haikuwa hivyo, na mwaka wa kuutazama ni 1983. Mwaka huo Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na BRALUP ikawa taasisi, kama tulivyosema. Mwaka uliotangulia Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985 na katika chuo kikuu kuanzia mwaka wa masomo wa 1991/92. Lakini katika mwaka huohuo wa 1983 serikali ilibainisha kwamba badiliko hilo halitafanyika. Hivyo chombo cha mazingira kilizaliwa katika mwaka ambao lugha ya wananchi ilifungiwa mlango wa taaluma. Hatudai kwamba mambo hayo yalikusudiwa kwenda pamoja. Yalikwenda pamoja, na matokeo yake yapo.

Masharti ya leo yamekaa katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwombaji awe amefaulu angalau masomo mawili ya msingi katika mtihani wa kidato cha sita, au awe na stashahada inayokubalika. Shahada ya kwanza inataka krediti zisizopungua 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, za mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Jumla saa 3,600. Katika shahada za mazingira, iwe Mlimani ambako taaluma hii inakaa pamoja na jiografia, au Ardhi, au Sokoine, saa hizo hugawanywa baina ya masomo ya lazima na ya hiari, mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, na aghalabu kazi ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Mtindo wa kupima elimu kwa vipimo vya muda ulipata nguvu Marekani kuanzia mwaka 1906, Carnegie Foundation ilipoweka sharti la vipimo hivyo kwa vyuo vilivyotaka maprofesa wake walipwe pensheni. Si wengi wanaojua kwamba hesabu inayoamua nani ahitimu ilianzia kwenye malipo ya wazee.

"Krediti" halijapata Kiswahili kilichotulia. "Mkopo" lingepotosha kabisa, hasa mahali ambapo mwanafunzi anao mkopo wa kweli. Wanafunzi wenyewe hawakutungoja. Wana "sapu" kwa mtihani wa marudio, "kukeri" kwa kulibeba somo lililoshindikana hadi mwaka unaofuata, na "kudisko" kwa kuondolewa masomoni. Maneno haya hayapendezi masikioni, lakini yameundwa sawasawa, yananyambulika na kila mtu chuoni anayaelewa. Ajabu ni kwamba msamiati wao wa kushindwa umekuwa wa Kiswahili zaidi kuliko msamiati wao wa taaluma. Mwanafunzi atasimulia kwa Kiswahili kizuri jinsi alivyosapu somo la ikolojia, lakini ikolojia yenyewe hataweza kuisimulia.

Upungufu huu usingekuwa na madhara makubwa kama sheria isingedai kinyume chake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya miradi mikubwa na wananchi wasikilizwe. Kanuni za mwaka 2005 zilizotungwa chini yake ziliagiza kwamba taarifa ya tathmini iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Muhtasari huo ndio karatasi pekee ambayo mwanakijiji aweza kuisoma kabla mgodi haujafunguliwa nyuma ya nyumba yake. Anayeuandika ni mhitimu wa saa 3,600, ambaye katika saa hizo huenda hakuandika hata ukurasa mmoja wa taaluma yake kwa Kiswahili.

Tutoe mifano mitatu. Neno "athari" kwa asili yake ni alama inayobaki baada ya kitu kupita. Katika tathmini linatumiwa kwa mabaya na mema, ndipo tunapata "athari chanya". Lakini masikioni mwa wengi athari ni madhara tu, na katika mkutano wa kijiji kusema mradi utaleta "athari chanya" ni sawa na kuwaahidi watu hasara njema. "Matokeo mema na mabaya" yangetosha. Pili ni "ushirikishwaji wa wananchi", neno linalopendwa sana na waandishi wa taarifa. Tulichambue: kushiriki, kushirikisha, kushirikishwa. Hao wananchi hawashiriki, wanashirikishwa, na mwenye kuwashirikisha hatajwi. Sarufi yenyewe imekwisha kusema nani mwenye mkutano. Tatu ni lile la "mabadiliko ya hali ya hewa". Hali ya hewa hubadilika kila siku, na mkulima hashangai. Vitabu vya jiografia vilikuwa na "tabia ya nchi", yaani mwenendo wa hewa na mvua kwa miaka mingi, na kutokana nayo tumepata "tabianchi". Tofauti hiyo inapopotea katika muhtasari, hoja nzima hupotea, maana mtu anaambiwa jambo la miaka 30 akidhani ni la juma lijalo.

Si kwamba istilahi hazikuundwa. Tafsiri Sanifu za Baraza la Kiswahili la Taifa zilianza kutoka mwaka 1974, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. "Bioanuwai" limeunganisha asili mbili bila ugomvi. "Endelevu" ni zuri kuliko lile lililolifasiri, kwa sababu limetoka katika kitenzi kilekile kilichozaa "maendeleo". Katika Kiswahili maendeleo yasiyo endelevu yanajikana yenyewe kwa sauti. Kinachokosekana ni sharti. Mwanafunzi husoma kile atakachopimwa nacho, na kwa shahada hii hapimwi kwa Kiswahili popote.

Wapo watakaosema kwamba kuongeza sharti ni kuongeza mzigo, na kwamba vitabu vya kusomea viko kwa Kiingereza. Hoja ya vitabu ni ya kweli, lakini hapa hatuombi kufundisha kwa Kiswahili, jambo ambalo lina mjadala wake. Tunaomba kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya mazingira aambatanishe na kazi yake ya mwisho muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tano, uandikwe kama ule unaotajwa na kanuni za mwaka 2005, usahihishwe na upewe alama. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imekwisha kuonyesha kwamba tasnifu nzima yaweza kuandikwa na kutetewa kwa lugha hii, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Krediti tatu, yaani saa 30, zingetosha.

Kwa upande wetu wa istilahi, kazi ya kuanzia iko wazi. Tangu mwaka 2005 mihtasari ya Kiswahili ya tathmini imekuwa ikiandikwa kwa migodi, mabwawa, barabara, viwanda vya saruji na mashamba makubwa. Kila mwandishi amejibunia maneno yake ya hali ya mahali kabla ya mradi kuanza, ya hatua za kupunguza madhara, ya taka zenye sumu, ya fidia na ya kufunga mgodi. Ikusanywe, isomwe mmoja mmoja, na yaorodheshwe maneno yaliyotumika kwa kila dhana pamoja na mwaka na mahali, kisha yapelekwe kwa watu wa Geita, Kilwa na Rufiji waulizwe waliyaelewaje.